Speke: Alifika Ziwani Asilione
John Hanning Speke, afisa wa jeshi la Waingereza huko India, alizaliwa mwaka 1827. Tarehe 13 Februari 1858 alifikia Ziwa Tanganyika pamoja na Richard Burton. Burton aliliona, Speke, kwa maradhi ya macho, aliona ukungu mtupu. Miezi saba ya mwendo kutoka pwani! Sisi wanajeshi twaujua uchungu huo.

Hata hivyo, mwezi Machi alivuka ziwa kwa mtumbwi. Aprili wote wawili walifika Uvira, ng'ambo ya Gatumba yetu, wakaambiwa kwamba Rusizi huingia ziwani, wala hautoki. Basi haukuwa chanzo cha Nili.

Nuru ilimrudia kiasi, na Agosti akaliona Ziwa Nyanza kwa macho yake. Mwaka 1864, akiwa mawindoni, aliuawa na risasi ya bunduki yake mwenyewe.