Tom Mboya: Kijana Aliyewarudisha Makuli Kazini

Watu wengi wakitajiwa jina la marehemu Tom Mboya hukumbuka mambo mawili: ndege zilizowachukua vijana wetu kwenda kusoma Marekani, na risasi iliyomwua mjini Nairobi mwaka 1969. Mambo hayo ni ya kweli na yameandikwa sana. Lakini sisi tuliokulia Likoni, ambao wazee wetu walikula kwa jasho la Kilindini, tunamkumbuka kwanza kwa jambo la tatu. Nalo ni mgomo wa makuli wa Machi 1955.

Mwaka ule nilikuwa mtoto wa chuoni. Nyumba yetu ilikuwa Mtongwe, na ukisimama ufuoni pale waiona bandari ya Kilindini ng'ambo ya maji, meli zimefunga gatini na winchi zikipanda na kushuka. Sauti ya winchi zile tuliizoea kama tulivyouzoea mvumo wa bahari. Baba yangu alikuwa kuli. Kila siku baada ya sala ya alfajiri alishika njia kwa miguu hadi kivuko cha Likoni, akavuka kwenda kusimama mlangoni mwa bandari pamoja na wenziwe waliotoka Changamwe kwa njia ya Makupa, na wengine waliotoka Kisauni kwa daraja la kuelea la Nyali. Siku moja ya mwezi wa Rajabu winchi zilinyamaza. Baba hakutoka. Alikaa barazani na wazee wenziwe wakizungumza kwa sauti ya chini, na mama akaingia ndani kuupima unga uliobaki. Ndivyo nilivyojua maana ya neno mgomo.

KAZI YA KUTWA

Ili msomaji afahamu mgomo ule, yafaa ajue kazi ya bandari ilivyokuwa. Kwa miaka mingi kuli hakuwa mwajiriwa wa mtu. Alikuwa kibarua wa kutwa. Meli zikiwa nyingi alipata kazi, na meli zikiadimika alirudi nyumbani mikono mitupu. Alibeba magunia ya kahawa, marobota ya pamba na katani, na jioni akapokea ujira ambao haukutosha kodi ya chumba na chakula cha watoto. Baada ya vita vikuu vya pili bei za vitu zilipanda kuliko mishahara, na nyumba mjini zikawa haba.

Wala Mombasa haikuwa peke yake. Makuli wa London walikuwa katika hali hiyo hiyo mwaka 1889, walipogoma zaidi ya mwezi mzima wakidai peni sita kwa saa, na wakazipata. Dar es Salaam makuli waligoma 1947. Unguja waligoma 1948, na mgomo huo ndio alioutungia hadithi yake Adam Shafi Adam katika kitabu kiitwacho Kuli.

Hapa kwetu makuli waligoma 1939, kisha Januari 1947 mji mzima ukasimama. Watu wapatao 15,000 waliacha kazi, wa bandari, wa reli, wa mahoteli na hata watumishi wa majumbani, kwa muda wa siku kumi na mbili hivi. Kiongozi aliyepata nguvu kwa mgomo huo alikuwa Chege Kibachia wa chama cha African Workers' Federation. Mishahara iliongezwa kidogo, lakini Agosti mwaka huo huo serikali ya kikoloni ilimkamata Kibachia na kumhamishia Baringo, akakaa huko miaka kama kumi. Somo walilolipata makuli lilikuwa chungu: ukigoma utaongezewa senti, lakini kiongozi wako atachukuliwa. Ndiyo sababu mwaka 1955 waligoma bila ya kuwa na chama chenye nguvu cha kuwasemea.

BWANA AFYA WA NAIROBI

Thomas Joseph Mboya alizaliwa tarehe 15 Agosti 1930 katika shamba la mkonge la Kilima Mbogo, karibu na Thika. Baba yake, Leonard Ndiege, alikuwa mnyapara katika shamba hilo, na asili yao ni kisiwa cha Rusinga katika Ziwa Victoria. Kwa hiyo Mboya alizaliwa kati ya vibarua, na aliyajua maisha yao kabla hajaweza kusoma. Alisoma shule za misheni za Kikatoliki, Kabaa katika Ukambani, Yala katika Nyanza, na mwisho Mang'u. Masomo alikuwa akiyaweza sana, lakini fedha za karo zilikwisha naye akatoka.

Akaingia mafunzo ya ukaguzi wa afya, na mwaka 1951 akaajiriwa na baraza la mji wa Nairobi. Akawa yule ambaye watu humwita bwana afya. Alikagua nyama, maziwa na vyoo. Hapo ndipo alipoona kwamba Mzungu mwenye kazi kama yake alilipwa mshahara mara tano zaidi. Yeye mwenyewe alisimulia baadaye jinsi mwanamke mmoja wa Kizungu alivyoingia ofisini na chupa ya maziwa ya kupimwa, akatazama huku na huku, akauliza kama hapana mtu. Mboya alikuwa amekaa mbele ya macho yake.

Mwingine angenyamaza akameza. Mboya aliwakusanya wafanyakazi wenziwe, akawa mkubwa wa umoja wao, kisha akaugeuza kuwa chama cha wafanyakazi. Kazi ya baraza ikamtoka mkononi. Mwaka 1953 akachaguliwa katibu mkuu wa shirikisho la vyama vya wafanyakazi nchini, lililokuja kuitwa Kenya Federation of Labour. Wakati huo Hali ya Hatari ilikuwa imetangazwa tangu Oktoba 1952, chama cha KAU kimepigwa marufuku, na viongozi wengi wako vizuizini. Vyama vya wafanyakazi vikabaki karibu sauti pekee ya Mwafrika, na kijana huyu ndiye aliyekuwa akisema.

SIKU ZA MACHI

Mgomo wa bandari ulianza mapema Machi 1955. Maelfu ya makuli waliacha kazi wakidai nyongeza. Meli zikajaa katika mlango wa Kilindini, na bidhaa za Kenya nzima na Uganda zikalala. Waajiri walishika neno lao kwamba hawatazungumza na watu waliogoma. Makuli nao wakashika lao kwamba hawatarudi bila ya nyongeza. Kwa kuwa nchi ilikuwa katika Hali ya Hatari, kila mtu alijua jambo lile likiachwa litaishia wapi.

Ndipo Mboya alipokuja Mombasa. Alikuwa na umri wa miaka 24. Nakumbuka habari zake zilivyofika barazani kwetu, na wazee walivyoguna. Walisema huyu ni kijana wa bara, tena wa Nairobi, hajapata kubeba gunia, na ndevu zake bado changa. Atatufunza nini sisi? Wengine walidhani ametumwa na serikali. Shaka hiyo haikuwa ya bure, maana makuli walikwisha kuona ahadi nyingi zikienda na maji.

Mboya alikwenda kusimama mbele yao. Kiswahili chake kilikuwa cha bara, lakini kilifahamika, na baba alisema kwamba hakuwasifu wala hakuwatukana. Aliwaeleza jambo moja tu. Mgomo ni silaha, na silaha ikishatolewa ni lazima ujue utairudisha vipi alani. Wakirudi kazini kwa kuwa njaa imewashinda, wamekwisha. Wakirudi kwa mapatano kwamba madai yao yatasikizwa na msuluhishi, na yeye akiwa msemaji wao, wamerudi wakiwa wamesimama. Mambo hayo hayakukubaliwa kwa siku moja. Alibishana nao, akaenda kwa waajiri, akarudi tena kwa makuli. Mwisho walikubali.

Baba alirudi kazini akiwa na shaka moyoni. Kule mezani Mboya alileta hesabu. Alionyesha bei ya unga, ya kodi, ya nguo, na mshahara wa kuli kando yake. Matokeo yake makuli walipata nyongeza iliyokaribia theluthi ya mshahara. Mzee wangu hakuwa mtu wa kuonyesha furaha. Lakini siku alipopokea mshahara ule mpya alinunua samaki nguru mzima katika soko la Likoni, akampa mama bila ya kusema neno, na mama hakuuliza.

Faida kubwa zaidi ilikuwa chama. Tangu hapo chama cha makuli wa Mombasa kilipata nguvu, kikawa miongoni mwa vyama vyenye sauti kubwa katika Kenya. Na jina la Mboya likavuka mipaka. Mwaka ule ule wa 1955 alikwenda kusoma Oxford katika chuo cha Ruskin. Mwaka 1957 aliingia katika Baraza la Kutunga Sheria kwa kura za Nairobi. Desemba 1958 aliongoza mkutano wa watu wa Afrika nzima mjini Accra, akiwa na miaka 28. Mwaka 1959 vijana 81 walipanda ndege ya kwanza kwenda Marekani kwa bidii yake, na mamia wakafuata.

UPANDE WA PILI

Lingekuwa kosa kuyasimulia haya na kuacha upande wa pili, ambao umenigusa mimi mwenyewe.

Mwaka 1962 Mboya alifanywa Waziri wa Kazi. Oktoba mwaka huo waajiri, vyama na serikali walitia sahihi Mkataba wa Mahusiano Kazini, ambao ulikuwa kazi yake. Mkataba ulitaka kila mzozo uzungumzwe kwanza, kisha upelekwe kwa wasuluhishi, na mgomo uwe wa mwisho kabisa. Baada ya uhuru ikaundwa Mahakama ya Kazi, na mwaka 1965 ikaja sheria iliyompa waziri nguvu ya kuutangaza mgomo kuwa haramu. Mwaka huo pia mashirikisho yaliyokuwa yakigombana yakavunjwa na COTU ikaundwa. Mboya wakati huo alikuwa Waziri wa Mipango ya Uchumi. Alishikilia kwamba nchi changa haiwezi kujengwa kwa migomo, na kwamba chama cha wafanyakazi kina wajibu kwa taifa zima.

Mimi nilipokuwa mtu mzima nilipata kazi ya ukarani wa kuhesabu mizigo. Siku moja tuligoma bila ya kungoja muda wa sheria, kwa sababu mwenzetu aliumizwa na mzigo naye akakatwa mshahara wa siku alizolala. Tulifukuzwa kazi, wengi wetu, na sheria haikuwa upande wetu. Nilikaa miezi saba bila ya kazi. Miaka ile nilimlaumu Mboya, ingawa alikuwa amekwisha kufa. Nilisema kwamba yeye aliipanda ngazi ya mgomo, kisha akaiondoa wengine wasipande.

Baba ndiye aliyenituliza. Alinieleza kwamba kabla ya Mboya, makuli waligoma wakapata senti na wakapoteza kiongozi. Kwa Mboya waligoma wakapata mkataba, na mkataba haukamatwi wala hauhamishiwi Baringo. Lakini alikubali nami pia kwamba mkataba haufai kitu ikiwa mwenye nguvu ataulaza mezani na mnyonge hana tena la kumwogopesha. Kwa maoni yake, Mboya wa 1955 alikwenda mezani akiwa na makuli maelfu nyuma yake, na hilo ndilo lililoyapa maneno yake uzito. Mwenye kuisifu meza na akasahau makuli amesimulia nusu ya kisa.

Mambo hayo mawili leo yameandikwa pamoja. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 41, inampa kila mfanyakazi haki ya kugoma, na papo hapo inakipa kila chama haki ya kujadiliana na mwajiri.

MWISHO WAKE

Jumamosi tarehe 5 Julai 1969 Mboya alitoka katika duka la dawa mjini Nairobi akapigwa risasi. Alikuwa na miaka 38. Alimwacha mjane, Pamela, na watoto wadogo. Mtu mmoja, Nahashon Njenga Njoroge, alihukumiwa na kunyongwa, lakini maswali ya watu hayakunyongwa pamoja naye. Mboya alizikwa kwao Rusinga.

Jioni ile habari zilipofika Mtongwe kwa redio, wazee wa barazani, wale wale waliomguna miaka kumi na minne nyuma, walinyamaza. Hakuwa wa dini yao wala wa mji wao, na katika siasa wengi wao hawakuwa upande wake, maana mambo ya Mwambao yalikuwa yamewatenga. Lakini kila mmoja alijua kwamba mara moja katika maisha yake alipata ujira ulio karibu na haki yake, na alijua aliyemsaidia kuupata. Dini yetu inatufunza kwamba ujira wa mtu ni amana, na asiyeshukuru watu hajamshukuru Mola wake.

Tudor, upande wa kisiwani, iko barabara yenye jina la Tom Mboya. Vijana wa chuo hupita pale kila siku na vitabu vyao. Nikipita huwaza kwamba barabara hiyo ingefaa zaidi kuwa Kilindini, mlangoni mwa bandari, pale alipokuwa akisimama baba yangu kila asubuhi kungojea kazi.