Maisha ya James Chuma, Mnyapara wa Misafara

Mtu akaaye Mitwero, karibu na mji wa Lindi, yu karibu na mwanzo wa njia ya zamani iendayo Masasi na kuelekea Ziwa Nyasa. Kwa njia za namna hiyo watumwa wengi waliletwa pwani wamefungwa shingo, na pembe za ndovu zikaletwa pamoja nao. Lakini kwa njia hiyo ya Lindi alipita pia mtu aliyeonja utumwa utotoni, naye akaipita akiwa kiongozi wa watu huru. Jina lake ni James Chuma. Habari zake zafaa kujulikana na kila mtu aliyewekwa juu ya wenzake, awe mwalimu, mzee wa kanisa, au msimamizi wa kazi.

Chuma alikuwa Myao, akazaliwa yapata mwaka 1850 katika nchi iitwayo sasa Malawi. Alipokuwa mtoto aliuzwa. Mwaka 1861, katika nchi ya vilima karibu na mto Shire, watu wa Daktari David Livingstone na Askofu Charles Mackenzie walikuta mlolongo wa watumwa wakipelekwa, wakawafungua, na Chuma alikuwa miongoni mwao. Akalelewa na wamisioni. Mwaka 1864 Livingstone alimchukua Bombay katika Bara Hindi, naye akasoma shuleni huko, akabatizwa, akapewa jina la James.

Mwaka 1866 akarudi Afrika pamoja na bwana wake. Wakashuka Mikindani, wakaifuata Ruvuma kwenda bara. Wakati huo Chuma alikuwa kijana tu, wala hakuna aliyemdhania kuwa kiongozi. Walipofika upande wa ziwa, mwenzake Wakatani alikutana na ndugu zake akabaki kwao, na Chuma naye akatamani kubaki, ila alizuiwa. Mwaka 1868 likatokea jambo baya zaidi. Livingstone alitaka kwenda ziwa Bangweulu, na watu wake walikuwa wamechoka. Wengi wakakataa kumfuata, na Chuma alikuwa mmoja wao. Bwana akaenda na watu wachache mno. Aliporudi, aliwapokea tena wale waliomwacha.

Jambo hili lisifichwe kwa sababu ya sifa zake za baadaye. Aliyepokelewa tena baada ya kuasi alikuwa na njia mbili: kukaa na uchungu moyoni, au kujifunza. Chuma alijifunza. Akakaa na bwana wake miaka mitano zaidi, katika njaa, na vita, na maradhi.

Mwezi wa Mei mwaka 1873 Livingstone alifariki katika kijiji cha Chitambo, nchi iitwayo sasa Zambia. Hapakuwa na Mzungu wa kutoa amri. Wale watu wangeweza kugawana mali, kila mtu aende zake. Walikusanyika, wakawachagua Chuma na Abdullah Susi wawe wakubwa wao, wakaazimia kuuchukua mwili mpaka pwani. Moyo wakauzika chini ya mti, na Jacob Wainwright akasoma maneno ya maziko. Mwili wakaukausha, wakaufunga katika magome ya mti na nguo, na daftari zote za marehemu wakazihifadhi.

Safari ile ilikuwa ya miezi tisa. Viongozi hawa hawakuwa malaika. Katika kijiji cha Chawende ugomvi uligeuka kuwa vita, damu ikamwagika, na nyumba zikateketezwa. Lakini mbele zaidi twaona akili imekomaa. Walipofika Unyanyembe walimkuta Luteni Cameron, Mwingereza, aliyewashauri wamzike bwana wao hapo hapo, maana njia ilikuwa ya hatari. Walimsikiliza kwa adabu, wakakataa. Huko mbele, Kasekera, wenyeji hawakutaka maiti ipite katika nchi yao. Mara hii hawakushika bunduki. Walitengeneza mzigo wa mabua uliofanana na maiti, wakatuma watu sita warudi nao kana kwamba wanakwenda kuuzika, na mwili wenyewe wakaufunga kama mtumba wa nguo. Wakapita kwa amani. Mwezi wa Februari 1874 wakafika Bagamoyo.

Livingstone alizikwa London mwezi wa Aprili 1874. Chuma na Susi walifika Uingereza baada ya maziko, wakamsaidia Horace Waller kuzipanga daftari zile hata zikatolewa kitabu.

Aliporudi Unguja, Chuma hakukaa barazani akisimulia mambo aliyoyafanya. Mwaka 1875 aliongoza msafara wa Askofu Edward Steere kutoka Lindi mpaka Mwembe, kwa Mataka, mkuu wa Wayao. Mwaka 1876 wakatoka tena Lindi pamoja na watu waliokombolewa utumwani, ndio walioanza kijiji cha Masasi. Yule aliyeuzwa akiwa mtoto akawa mwenye kuwaonyesha njia waliouzwa kama yeye.

Mwaka 1879 alikuwa mnyapara mkuu wa msafara wa Keith Johnston, wenye watu kama 150. Johnston alikufa kwa maradhi huko Behobeho kabla safari haijafika mbali. Akabaki Joseph Thomson, kijana wa miaka 21, mgeni kabisa katika nchi hii. Chuma alikuwa mwenyeji wa kazi hiyo, mjuzi wa lugha nyingi, na wapagazi walimsikiliza. Angeweza kumdharau kijana yule, au kumwacha. Alimsaidia, na msafara ukafika Nyasa na Tanganyika, ukarudi Bagamoyo mwaka 1880. Mwaka 1882 Chuma akafariki Unguja, umri wake wapata miaka 32 tu.

Basi tuyatazame maisha hayo. Uongozi haukumjia kwa kuzaliwa, wala kwa kutokosa kamwe. Ulikua ndani yake kidogo kidogo, kama mti uotao penye mawe. Aliasi akarudi, alipigana kisha akajifunza hekima, alisifiwa akaendelea kubeba mzigo. Mwenye bidii na akili nyingi huanguka upesi akidhani kwamba amekwisha kufika. Na sisi tunaosimamia wengine, tumtazame kijana mkaidi aliye mbele yetu kwa subira. Kama Chuma asingalipokelewa tena mwaka ule wa 1868, nani angalimwongoza Steere katika njia ya Lindi?