Georg Brandt: mtu aliyeitambua kobalti ndani ya kioo cha bluu

Kutoka Kilwa, kando ya ziwa Moero, hadi Lubumbashi, Likasi na Kolwezi, neno kobalti linajulikana hata na watoto. Kongo hutoa zaidi ya nusu ya kobalti yote ya dunia. Lakini wachache wanamfahamu mtu wa kwanza kuitambua: Georg Brandt, mkemia wa Uswidi aliyefariki mwaka 1768.

Brandt alizaliwa tarehe 26 Juni 1694 huko Riddarhyttan, eneo la migodi. Baba yake alikuwa na migodi na viwanda vya chuma, na kijana alikulia karibu na tanuru. Alisoma utabibu na kemia mjini Leiden, Uholanzi, kwa mwalimu maarufu Herman Boerhaave, kisha mwaka 1726 akapata udaktari mjini Reims, Ufaransa. Mwaka uliofuata alikabidhiwa maabara ya kemia ya ofisi ya serikali ya madini, Stockholm.

Jiwe la mapepo

Wakati huo wachimbaji wa Saxony, Ujerumani, walikuwa na jiwe walilolichukia. Lilifanana na madini ya fedha, lakini tanuruni halikutoa fedha. Lilitoa moshi wa aseniki, sumu inayoua. Walisema limerogwa na kobold, pepo wa mgodini. Ndipo jina kobalti lilipotoka.

Hata hivyo jiwe hilo lilikuwa na faida moja. Mchanga mweupe, yaani silika, ukiyeyushwa pamoja na potasi na unga wa jiwe hilo lililochomwa, hutoa kioo cha bluu iliyokolea. Mafundi waliijua kazi hiyo tangu zamani. Vioo vya bluu vya kanisa kuu la Chartres, Ufaransa, vya karne ya 12, vina kobalti. Vivyo hivyo vyombo vya Kichina vyenye michoro ya bluu, ambavyo vipande vyake vimechimbuliwa kwenye Kilwa ile nyingine, Kilwa Kisiwani ya Tanzania.

Lakini rangi ilitoka wapi? Wengi waliamini inatoka kwa bizmuti, metali inayopatikana mara nyingi katika mawe hayo. Brandt hakukubali bila kupima. Aliyatenganisha yaliyomo na kuona kwamba bluu haitokani na bizmuti, bali na metali ngeni inayovutwa na sumaku kama chuma. Alitangaza matokeo yake mwaka 1735. Watu walitumia dhahabu, shaba na chuma kwa maelfu ya miaka bila kujua nani alizigundua. Kobalti ndiyo metali ya kwanza yenye mgunduzi anayejulikana kwa jina.

Si wote walimwamini. Wengine walidai ni mchanganyiko tu wa chuma na aseniki. Mabishano yalikuwa hayajaisha alipofariki Stockholm tarehe 29 Aprili 1768. Mswidi mwenzake, Torbern Bergman, ndiye aliyethibitisha baadaye kwamba Brandt alisema kweli.

Brandt alipambana pia na matapeli waliodai kutengeneza dhahabu. Alionyesha jinsi dhahabu inavyoweza kufichwa ndani ya asidi, kisha ikatokea kana kwamba imezaliwa hapo.

Mwanafunzi na jiwe linalochemka

Axel Cronstedt, aliyejifunza kwake, aligundua nikeli mwaka 1751. Mwaka 1756 alichoma jiwe lenye silika, likatoa povu na mvuke kama maji jikoni. Akaliita zeoliti, yaani jiwe linalochemka. Leo zeoliti za viwandani zimo ndani ya mashine za oksijeni hospitalini: hunasa nitrojeni ya hewa na kuacha oksijeni ipite kwenda kwa mgonjwa. Kwa vituo vya afya vilivyo mbali na Lubumbashi, kama vya upande wa Kilwa, mashine hiyo, umeme ukiwepo, hupunguza safari za chupa za oksijeni.

Kobalti yetu sasa huingia kwenye betri za simu na magari, na sehemu kubwa husafishwa China. Kwenye madepo ya Kolwezi, mchimbaji mdogo anafikisha gunia lake, mnunuzi anaelekeza mashine ambayo wengi huiita metorex, kisha anataja kiwango na bei. Mwenye gunia hana chake cha kuhakikishia. Karibu miaka 300 baada ya Brandt, anayepima jiwe ndiye bado anayesema lina thamani gani.