Kabla ya Kumkata Mtoto Jina

Kila nisikiapo mtoto amekatwa jina kwenye timu ya shule kwa kukosa mazoezi ya jioni, humkumbuka Jesse Owens. Alizaliwa Alabama, Marekani, mwaka 1913. Akiwa na miaka tisa, wazazi wake walihamia Cleveland. Jina lake lilikuwa J.C.; mwalimu akasikia Jesse, likabaki hilo.

Mazoezi ya riadha yalikuwa baada ya masomo, na saa hizo kijana alikuwa kazini akiwasaidia wazazi. Mwalimu Charles Riley hakumfuta. Alimfundisha asubuhi, kabla ya kengele. Mwaka 1933, akiwa East Technical High School, Owens alikimbia yadi 100 kwa sekunde 9.4, sawa na rekodi ya dunia. Mwaka 1936, Berlin, akatwaa dhahabu 4 za Olimpiki. Alifariki 1980.

Mimi nami nilipenda mbio, lakini jioni nilikuwa na meza ya baba sokoni. Nikafutwa, wala hakuna aliyeniuliza sababu. Sisemi ningefika Olimpiki. Walimu wetu, nawaomba tu: kabla hamjamkata mtoto jina, muulizeni jioni huwa wapi.