FRANZ XAVER GRUBER (1787–1863): WIMBO WA KORDI TATU

Katika yubilei hii tunamkumbuka Franz Xaver Gruber wa Austria, mtoto wa mfumaji nguo. Alikuwa mwalimu wa shule kijijini Arnsdorf na mpiga kinanda wa kanisa la Oberndorf.

Tarehe 24 Desemba 1818, kasisi Joseph Mohr alimpa shairi, akamwomba alitilie sauti za waimbaji wawili, kwaya na gitaa. Gruber akamaliza siku hiyo hiyo. Kordi tatu zinatosha kuubeba wimbo huo: ukianzia D, unahitaji D, G na A tu. Usiku ule Mohr aliimba sauti ya tena huku akipiga gitaa, Gruber akaimba besi, na kwaya ikarudia mistari ya mwisho. Ndio Usiku Mtakatifu tunaouimba kila Krismasi.

Wimbo ulienea mbali, jina la mtunzi likabaki nyuma. Wengine walidhani ni wa Haydn, mpaka Gruber alipoandika maelezo yake mwaka 1854.

Vijana wetu wa gitaa, msingoje kujua kordi zote ndipo mtunge. Nasi wanakwaya, tuandike majina ya watunzi wetu wangali hai.