Tuzo Iliyomtoa Bwana Msa

Mwanafunzi wa Mwakirunge anayeficha hadithi zake daftarini, akidhani kuwa utunzi ni kazi ya wenye majina, na ayatafakari maisha ya marehemu Muhammad Said Abdulla. Alizaliwa Makunduchi, Unguja, mwaka 1918. Alianza kazi akiwa mkaguzi wa afya, kisha mnamo 1948 akaingia katika uhariri wa magazeti. Riwaya hakuwa ametoa hata moja.

Umri ulipokaribia miaka 40, shirika la East African Literature Bureau liliandaa shindano la hadithi za Kiswahili la 1957/58. Mswada wake, Mzimu wa Watu wa Kale, ulitwaa nafasi ya kwanza, ukachapishwa 1960. Humo wenyeji wanauogopa mzimu, bali Bwana Msa na kiko chake anapeleleza kwa akili na kuufichua mkono wa binadamu. Riwaya nyingine zilifuata, zikiwemo Kisima cha Giningi na Duniani Kuna Watu. Mwandishi alifariki 1991.

Bila shindano lile, huenda Bwana Msa angebaki kichwani mwa mhariri mmoja wa Unguja. Mwaka 2014 tuzo ya Mabati-Cornell ilianzishwa, ikaifungulia mlango miswada ya Kiswahili isiyochapishwa. Lakini mlango haumfai asiyeufikia. Walimu wenzangu, tusiishie kusahihisha insha na kutoa alama. Hadithi njema ya mizimu au ya safari za nyotani tuisaidie ikamilike, kisha tuitume shindanoni.