Otunga: Askofu wa Kisii wakati Kilatini kikiaga altare

MAREHEMU Kardinali Maurice Michael Otunga anakumbukwa na wengi kuwa Mkenya wa kwanza kutawazwa kardinali. Si wengi wanaokumbuka kwamba kabla ya hapo alikuwa askofu wa kwanza wa Kisii, katika miaka ambayo Misa ya Kilatini, iliyodumu karne nyingi, ilifikia kikomo.

Alizaliwa Januari 1923 kijijini Chebukwa, Bungoma, mwana wa Chifu Sudi Namachanja wa Wabukusu. Alibatizwa mwaka wa 1935, akasoma katika seminari za Kakamega na Gaba, Uganda, kisha Roma, alikopadrishwa Oktoba 3, 1950.

Seminarini, Kilatini kilikuwa lugha ya vitabu, ya sala na ya wimbo. Nyimbo za Kigregori huimbwa kwa sauti moja, bila kuhitaji ala. Maneno hutangulia, lahani ikafuata.

Mei 21, 1960 Jimbo la Kisii liliundwa, Otunga akakabidhiwa. Lilikusanya nchi ya Gusii, yaani kaunti za sasa za Kisii na Nyamira, pamoja na Nyanza Kusini, ambako Jimbo la Homa Bay lilizaliwa 1993. Wamisionari wa Mill Hill walikuwa wamefika Nyabururu tangu 1911.

Kondoo wake walikuwa wa lugha mbili zisizo na udugu: Ekegusii, ya Kibantu, na Kijaluo, ya Kiniloti. Mbele ya altare wote walikutana katika lugha isiyokuwa ya yeyote kati yao. Kilatini hakikumpendelea mtu. Lakini pia wengi walikisikia bila kukielewa.

Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulipofanyika, 1962 hadi 1965, Otunga alikuwa miongoni mwa maaskofu walioshiriki. Hati yake kuhusu liturujia, ya Desemba 4, 1963, iliruhusu lugha za wenyeji na kutaka muziki wa mataifa ya misheni uheshimiwe. Hati hiyo hiyo iliupa wimbo wa Kigregori nafasi ya kwanza katika ibada ya Kirumi.

Kuyatimiza yote mawili hakukuwa kazi nyepesi. Muumini alipata kusali kwa lugha ya mama yake na kuimba kwa midundo ya kwao, nao wimbo wa kale ukazidi kusikika kwa nadra. Kilichopatikana kilikuwa kikubwa. Kilichopotea pia hakikuwa kidogo.

Novemba 1969 Otunga alihamishiwa Nairobi kuwa askofu mkuu mwandamizi. Mwezi huo huo kitabu kipya cha Misa kilianza kutumika, na kile kilichotokana na Papa Pius V mwaka wa 1570 kikawekwa kando.

Alikuwa Askofu Mkuu wa Nairobi mwaka wa 1971 na kardinali 1973. Alistaafu 1997, akaishi Nyumba ya Wazee pamoja na wakongwe maskini, hadi alipofariki Septemba 6, 2003 akiwa na umri wa miaka 80.

Kanisa sasa linamwita Mtumishi wa Mungu, hatua ya mwanzo katika safari ya kutangazwa mtakatifu.